Kabla Hatujaiwasha Kompyuta ya Mama Yako

Kizota, jioni

Yunis mwanangu,

Begi lako nimeliona pale sebuleni. Umelifunga kwa kamba ya katani kama mama yako alivyokuwa akifunga, fundo juu ya fundo, hadi wa kulifungua aanze kulalamika. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo alikwisha kukuambia yeye, tena kwa sauti ya juu kuliko nitakayoweza mimi. Nakuandikia kwa sababu tangu mwaka jana mimi na wewe tumebakiwa na maneno mawili, shikamoo na marahaba, na kesho basi la Songea likiondoka hata hayo mawili yatakuwa ya kwenye simu.

Kwanza nikupe hali yangu, maana hujauliza na mimi sijasema. Nina ganzi. Si huzuni ile watu wanayoidhania wanaponishika bega kanisani. Nakula, nalala, wateja nawahudumia, chenji narudisha. Siku tunamzika mama yako kule Mvumi, nilikuwa natazama koleo moja ambalo mpini wake umelegea, nawaza kwamba linahitaji kabari. Hicho ndicho nilichowaza mbele ya kaburi la mke wangu. Watu wakasema Baba Yunis ni jasiri. Niliwaacha waseme hivyo kwa sababu kueleza kungekuwa kazi zaidi.

Sasa unakwenda Tunduru kushika kitengo cha TEHAMA, na najua utakabidhiwa chumba kizima cha kompyuta ambazo tangu zitolewe kwenye boksi hakuna aliyezigusa BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine. Utaletewa moja inayoganda ovyo, utaambiwa, "Binti, hii itengenezwe leo." Kwa hiyo acha niongee kazi. Kwenye kazi ulimi wangu bado unafanya kazi, na mengine yatakuja nyuma yake.

Unaijua maikrokodi kwa jina la chuoni. Nitaieleza kama ninavyoielewa mimi, univumilie, maana nikieleza kitu ndipo mawazo yangu hukaa sawa. Prosesa ikipewa amri, ndani yake mna maelekezo madogo madogo ya namna ya kuitimiza. Hayo ndiyo maikrokodi. Yanatiwa humo kiwandani, na wa kiwandani nao ni binadamu, wanakosea. Kosa linapokuja kuonekana, chipu imekwisha kuuzwa dunia nzima na haiwezi kufumuliwa. Basi wanatoa marekebisho. Lakini marekebisho yenyewe hayakai ndani ya prosesa. Ukizima mashine yanatoka. Ukiiwasha, BIOS inayapakia upya kabla mtu hajaona chochote kwenye kioo, au mfumo wenyewe unayapakia baadaye kidogo. Ni hivyo kila inapowashwa, miaka yote. Prosesa yenye kosa haiponi, inakumbushwa tu kila asubuhi.

Na mimi ndivyo ninavyoamka. Nafungua macho nikiwa yule mtu wa zamani, nategea sikio jikoni kama amekwisha kubandika maji. Nakaa hivyo kidogo. Halafu linapakiwa kwamba hayupo. Nikishapakiwa naendelea na siku vizuri kabisa, na anayenitazama haoni hitilafu.

Kusasisha BIOS si kazi ngumu, ila haitaki papara, na mimi nilikuwa kijana wa papara. Nilipoanza kazi hapa Kizota nililetewa mashine ya mwanafunzi mmoja. Nikaanza kuisasisha, katikati kioo kikawa cheusi, feni inavuma. Nikasubiri kidogo, moyo ukanishinda, nikabonyeza kitufe cha kuzimia. Kumbe yenyewe ilikuwa inaendelea na kazi yake. Haikuwaka tena. Ilibidi niipeleke kwa fundi aliyenizidi, aitoe ile chipu ya BIOS ubaoni na kuiandika upya kwa kifaa maalumu, huku akinitania kwamba nina vidole vya mganga wa kienyeji. Tangu siku ile, kioo kikiwa cheusi mimi hukaa juu ya mikono yangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinicheka ukiniona hivyo.

Na Baba Shabani unamjua. Ila sijui kama nimewahi kukuambia utaratibu wetu ulianzaje. Alipohamia jirani na mashine yake ya kuchomelea mageti, kila akigusisha chuma kelele zinajaa mpaka kwangu, umeme wa mstari mzima unanyong'onyea, taa zangu zinafifia, na kompyuta zisizo na betri nzuri zinazimika. Nikamfuata, nikamwambia nikiwa naandika BIOS umeme ukiyumba naua mali ya mtu. Nilitegemea ugomvi. Yeye akavua ile kinga yake ya uso, akaja kuitundika kwenye msumari wa mlango wangu. Akasema, "Bila hii siwezi kuchomelea hata nikitaka. Ukimaliza niletee." Imekuwa hivyo tangu wakati huo. Mteja akimkuta amekaa kwenye ndoo anakunywa chai mchana kweupe, anajibiwa, "Subiri, jirani ana mgonjwa mezani."

Sasa nije kwenye kompyuta ya mama yako.

Unakumbuka mikono yake ilivyoanza kukosa nguvu. Katibu muhtasi aliyekuwa akichapa barua huku anasimulia habari za sokoni bila kutazama vidole, ikafika hawezi kubonyeza herufi mbili mfululizo. Ndipo akaanza kuirekodi sauti yake. Mimi nilikuwa namsikia kupitia ukutani nikiwa karakana. Alikuwa anaanza kuongea na ile mashine kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa," kana kwamba ameketi na mtu, kisha anashusha sauti na mimi sisikii tena. Sikuwahi kumuuliza anasema nini. Wewe alikuambia kwamba anakuachia maneno humo, na mimi alinitazama tu akacheka.

Tulipokwisha kuanua matanga kule Mvumi, wewe ukarudi chuoni na mimi nikarudi mezani. Kompyuta yake ilikuwa na tabia ya kuganda, na mtengenezaji alikuwa ametoa BIOS mpya yenye marekebisho ya maikrokodi kwa ajili ya prosesa ya aina ile. Leo nakiri kwamba haikuwa na haraka yoyote. Mfumo wenyewe ungeweza kuyapakia hayo marekebisho bila mimi kugusa BIOS. Lakini nilitaka mikono yangu iwe na kazi juu ya kitu chake. Nikafanya kama ninavyomfanyia mteja. Nikasoma jina kamili la mashine chini ya tumbo lake, nikapakua faili kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye flashi ya kuazima. Betri ikajaa, chaji ikachomekwa, Baba Shabani akaleta kinga yake akaitundika. Kioo kikawa cheusi, nikakalia mikono. Ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena, nikatulia. Kazi ilikwenda safi kabisa, Yunis. Sijawahi kuandika BIOS kwa usafi ule.

Halafu ikaja skrini ya bluu inaomba ufunguo.

Nilisahau kufuli. Mashine za siku hizi zinaifunga diski zenyewe, na ufunguo zinaukabidhi kwa chipu ndogo iliyo ubaoni. Kila inapowaka, chipu hiyo inaangalia kama mashine ni ile ile inayoijua. Ukibadilisha BIOS inaona umeingia mgeni, inabana ufunguo. Kulisimamisha kufuli kwa muda kabla ya kuanza ni jambo la kubofya tu. Na ufunguo wa akiba unatakiwa uwe umeandikwa kwenye karatasi, pembeni, kabla hujagusa chochote. Nimewaambia hivyo vijana wangapi waliojifunza kazi kwangu? Siku ile sikujiambia mwenyewe.

Ulipokuja likizo ukaniuliza kompyuta ya mama iko wapi, nikakueleza kama fundi anavyomweleza mteja. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza, "Baba, hukunakili?"

Nikasema sikunakili.

"Wewe? Za wateja unanakili hata kabla hujashika bisibisi."

Hilo nakujibu leo. Kunakili mafaili ni kuyaona majina yake. Mama yako alikuwa anayapa majina marefu, ya kikatibu, yenye kujieleza. Nilijua nitakuta humo "Ya Yunis akiolewa" au "Ya Baba Yunis akisoma peke yake." Sikuweza. Nikajidanganya kwamba kwa kuwa nafanya kila kitu kingine sawasawa, hiyo moja itanisamehe. Hilo ndilo kosa langu, na halikuwa la ufundi. Kazi ikihusu kitu unachokiogopa, utajikuta unaruka hatua ile ile inayokutaka ukitazame. Ukiona unairuka, inyanyue mikono yako, ukanywe maji kwanza.

Wewe ukasema bado kuna njia, ufunguo uko kwenye akaunti ya mama mtandaoni, tuombe namba ya kuthibitisha itumwe kwenye simu yake. Ndipo ikabidi nikuambie la pili. Laini yake niliitoa kwenye simu nikaitupa kabatini, kwa sababu watu walikuwa wanapiga na mimi nilichoka kupokea pole. Ikakaa humo bila vocha, na kampuni ikaichukua ile namba ikamuuzia mtu mwingine. Nakumbuka ulivyonitazama. Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua pa kushika. Uliingia chumbani, na kesho yake asubuhi ukaniambia shikamoo, na ndiyo tuliyoendelea nayo.

Juzi ulipouliza nimeshinda wapi nilikujibu kwa mteja. Nilikuwa Kolo.

Nilikuwa nimempigia yule aliyepewa namba ya mama yako. Akapokea mwanamke. Nikamwambia hiyo namba ilikuwa ya marehemu mke wangu, sasa hivi itaingia meseji yenye tarakimu, naomba unisomee. Hata kabla sijamaliza nilijisikia mwenyewe nilivyofanana na wale matapeli.

Akasema, "Kaka, mmeanza tena? Juzi mlikuwa mwalimu, mwanangu kaanguka shuleni. Leo mmeleta na marehemu? Hamumwogopi Mungu?" Akakata, akanifungia nisimpate tena.

Alikuwa sahihi kabisa. Na wewe huko uendako wafundishe watumishi wenzako wawe kama yeye, wasimsomee mtu namba hizo hata akilia.

Baba Shabani alikuwa pembeni amesikia yote. Akasema, "Huyo ni wa kwetu huyo. Umesikia anavyovuta maneno?" Akampigia kwa simu yake, wakaongea Kirangi kwa muda mrefu, mimi nimesimama kama mtoto anayesubiri kuandikishwa shule. Mwishowe akanigeukia. "Anasema kwenye simu hatoi kitu. Anataka akuone sura."

Basi tukaenda. Mama huyo anauza chai na chapati kando ya barabara, pale wanaposhukia watu wanaokwenda kutazama michoro ya kale ya miambani. Nilikuwa nimechukua picha ya mama yako, ile ya ofisini amevaa kitenge cha bluu. Akaifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuipokea. Akaitazama sana.

Akasema, "Ndiye Mama Yunis?"

Nikasema ndiye.

"Tangu ninunue laini hii watu wananipigia. Mama Yunis, pole, unaendeleaje? Mimi nawajibu naendelea vizuri, nashukuru. Nikadhani ni watu wa mjini tu na salamu zao. Kumbe mwenzangu alikuwa mgonjwa, na mimi namjibia."

Nikamwambia hakukosea kitu. Akamimina chai, akaisukuma mbele yetu. Kisha akasema kuna mmoja ambaye hupiga akakaa kimya. Akimwambia haloo, anasikiliza kidogo, anakata. Hupiga siku za Jumapili. Akanionyesha ile namba kwenye simu, kama namjua nimwambie asimwogope.

Ilikuwa namba yako, mwanangu.

Wewe ulijua cha kuomba, ulijua kuliko mimi, na ulimfikia kabla yangu. Ila ukisikia haloo ya mtu mwingine kwenye namba ile maneno yanagoma. Nilisimama pale na simu ya watu mkononi nikisubiri nilie. Nilidhani sasa ndiyo yenyewe. Haikuja. Nilisikia tu kwamba chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Lakini nilijua jambo moja, kwamba ndani ya nyumba yetu tulikuwa watu wawili wenye ugonjwa mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake ni mzima.

Nikaiomba ile namba ya kuthibitisha kwenye simu yangu, meseji ikaingia kwake. Akanisomea zile tarakimu kwa sauti, taratibu, kidole chake kikiwa chini ya kila moja. Akaunti ikafunguka, na ufunguo ulikuwamo. Wakati tunaondoka akaniuliza, "Wakinipigia sasa niwaambieje?" Baba Shabani akamwambia, "Waambie amepumzika."

Kompyuta nimeifungua jana. Safari hii nilinakili kwanza, nikanakili tena kwenye diski nyingine, na kufuli nimeliondoa kabisa. Majina ya mafaili nimeyaona. Mengi ni yako. Moja ni langu. Sikubofya hata moja.

Nakuambia ukweli kwa nini, na hili ndilo nililokuwa nalizungukia tangu mwanzo wa barua. Naogopa nitabofya, atasema "Mbukwa," na mimi nitasikia kitu kile kile nilichosikia kaburini na kule Kolo, yaani hakuna. Maadamu sijabofya, bado naweza kujiambia kwamba sauti yake ndiyo itakayoniamsha. Nikibofya isiponiamsha, sijui nitakuwa nimebaki na nini. Peke yangu sithubutu.

Unaweza kuichukua ukaondoka nayo, iko tayari mezani pamoja na chaji yake. Ni haki yako, hata langu unaweza kulisikiliza wewe kwanza. Sitakuwa na kinyongo. Ila kama moyo wako unakubali, kesho kabla hatujakwenda stendi pita karakana. Nitakuwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, nimekalia mikono. Uibofye wewe.

Ukifungua mlango asubuhi utaikuta kinga ya uso ya Baba Shabani kwenye msumari wetu. Usidhani nina mashine ya mtu naisasisha. Betri imejaa, umeme hata ukiyumba hautaleta shida. Nilimwomba aitundike kwa sababu mama yako alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, na nataka tumsikie.

Mimi baba yako.